Kaktusi Iliyokausha Shimo

Jumatatu asubuhi, katika mtaa wa Saio mjini Bunia, Angèle alikuwa akikwangua matope ya machimbo ya Mongbwalu kwenye buti za mumewe. Xavier alizivua mdomoni mwa shimo la dhahabu kabla ya kushuka. Maji yakajaa, yeye akabaki chini, buti zikarudi Bunia na lori la viazi. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, alikataa kuleta pampu. Bila maiti hakuna kuzika, na bila kuzika matanga hayaanuliwi. Wakwe walikuwa bado wanalala uani, na sukari ilikuwa imekwisha tena.

Angèle hakutaka kuyatupa yale matope. Aliyapandia kaktusi aliyoletewa na Xavier, mmea mdogo wa nchi kame usiozidi ngumi ya mtoto. "Hii inavumilia kiu kama weye," Xavier alimtania siku aliyoileta, na Angèle hakucheka.

Kesho yake kaktusi ilichanua ua jekundu, na kutoka ndani ya ua yakaanza kutiririka maji ya shimoni. Angèle akatega ndoo. Ilipojaa, akatega nyingine. Jirani yake Kaswera akaleta bidoni, dumu lake tupu, maana bomba la mtaa lilikuwa kavu.

"Ya leo iko na muchanga," Kaswera alilalamika siku iliyofuata.

"Uache itulie kwanza."

Siku baada ya siku maji yalifulia nguo, yakapikia maharage. Bandu bandu huisha gogo. Mgongo ulimuuma Angèle kwa kubeba ndoo, lakini alikuwa na tumaini, na tumaini nalo linachosha. Mwishowe ua likatoa tone la mwisho, likajifunga. Aliirudisha kaktusi dirishani, akawaambia wakwe wakatafute mbao za jeneza.

Mchana huohuo alipigiwa simu na Katsuva, mchimbaji mwenzake Xavier.

"Mama, shimo imekauka. PDG amesikia habari ya kaktusi yako, anakushukuru sana."

"Na bwana yangu?"

"Iko. Tumemuona. Hajaharibika."

"Munamuleta lini?"

Katsuva alikohoa. Nyuma yake nyundo zilikuwa zikigonga mwamba.

"PDG anasema tumalize zahabu kwanza. Iko inapita karibu naye, upande wa kichwa."

Angèle aliketi juu ya ndoo. Hasira ilimpanda, lakini hakuwa na nguvu ya kuibeba.

"Basi pale karibu na kichwa," alisema, "mupige polepole."

"Ndiyo, mama."