Sauti ya Mama kwenye Wimbo wa Saba

Jumatatu asubuhi Kweyu alimpigia Winny simu kabla hajamaliza kuvaa.

"Niaje. Umecheki gazeti? Nyamai ametusifu."

Winny aliketi kitandani. Nyamai ndiye mhakiki aliyeandika, miaka mitatu nyuma, kwamba albamu yao ya kwanza ilikuwa muziki wa kupigia pasi, na maneno hayo yakawakosesha maonyesho mwaka mzima. Bendi yao, Kivuli cha Bati, ilikuwa ya watu watatu: Kweyu kwenye gitaa, Annah kwenye ngoma, Winny akipiga besi na kuimba. Walipiga roki ya polepole, ya sauti ya chini, ambayo vijana wengi wa mitaa ya Eastlands hawakuwa na haja nayo.

"Anasemaje?"

"Anasema nyimbo nyingi ni za kawaida. Lakini ule wa saba, pale mwanzo, sikia: 'Mwanamke mzee anaimba peke yake kwa sauti yenye mikwaruzo, na albamu nzima inapata roho.' Jumatano saa tisa anaupiga redioni. Winny, tumeomoka, shida zimeisha."

Mwanamke huyo alikuwa mama yake Winny, Roseline, naye hakujua kwamba alirekodiwa.

Ilitokea Februari, nyumbani kwao Shauri Moyo. Mama alikuwa akifua nguo nje, akiimba wimbo wa Kijaluo wa kubembeleza mtoto, na kila alipofika penye jina alimtaja Owiti. Owiti alikuwa kaka yake Winny. Homa ya uti wa mgongo ilimuua akiwa na miaka sita, Winny akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Walipohama kutoka Mbotela, Mama aliwaambia majirani wapya wamwite Mama Winny, na jina la yule mtoto halikutajwa tena nyumbani. Siku hiyo Winny alisimama nyuma ya mlango na simu mkononi, akijiambia ataomba ruhusa baadaye. Wenzake aliwaambia ruhusa ipo.

Jumatatu hiyo jioni walikula ugali na omena.

"Mbona huli?" Mama akauliza.

"Nimeshiba."

Jumanne alijaribu kumwambia. "Mama, kuna wimbo..."

"Wimbo gani?"

"Ule wa kanisani. Jumapili mtaimba upi?"

Mama akamtajia, akaendelea kuchambua majani ya sukuma. Winny alijiona mwoga.

Jumatano, saa nane na nusu, alitembea haraka hadi soko la Kariokor, ambako Mama alishona mikoba ya ngozi kwenye kibanda cha Jackton. Redio ilikuwa juu ya rafu, na mtangazaji alikuwa tayari anamtaja Nyamai.

"Jackton, tafadhali zima redio kidogo."

"Nizime na leo ni zamu yenu? Nimeshawaambia wateja wote kuwa ni mtoto wa Mama Winny."

Mama aliinua macho. "Umefuata nini saa hizi?"

Winny alichuchumaa kando ya kiti chake. "Mama, nilikurekodi ukimwimbia Owiti. Sikukuambia. Nimeiweka sauti yako kwenye albamu na sasa wataipiga."

Sindano ikasimama.

"Watu wangapi wameisikia?"

"Sijui. Elfu moja na zaidi."

"Na jina lake linasikika?"

"Linasikika."

Mama aliulaza mkoba magotini. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa naongea na mwanangu. Itoe."

Winny alitoka nje akapiga simu kituo cha redio. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa na msichana aliyemwambia asubiri, akasubiri huku akitazama saa, zikibaki dakika nne, kisha tatu, mpaka Nyamai mwenyewe akaja, naye Winny akamwomba asiupige wimbo wa saba.

"Dadangu, hicho ndicho kitu pekee kizuri mlicho nacho."

"Najua. Naomba usikipige."

Saa tisa Nyamai alipiga wimbo wa pili. Akasema hewani kwamba bendi yenyewe imezuia ule wa saba, kwamba yeye haelewi, na kwamba kilichobaki ni albamu ya wastani. Jackton aliitazama redio, akamtazama Winny, kisha akarudi kukata ngozi.

Jioni Winny aliwaambia wenzake ukweli, pamoja na uongo wake kuhusu ruhusa. Annah alianza kukunja nyaya. Kweyu alichukua gitaa lake akaondoka. Wimbo wa saba ulitolewa upya ukianza na gitaa tupu, na waandalizi wa tamasha waliokuwa wamepiga simu Jumatatu baada ya kusoma gazeti hawakupiga tena.

Wiki tatu baadaye, Jumapili baada ya kanisa, Mama alijifuta mikono akauliza, "Bado unayo?"

Winny akampa simu na visikizio. Mama alisikiliza akiwa amesimama dirishani, mara mbili, kisha akavitoa masikioni.

"Naimba vibaya."

"Hapana, Mama."

"Owiti mwenyewe alikuwa akiniziba mdomo kwa mkono. Eti anataka kulala."

Winny hakuwahi kumsikia akisema jambo lolote alilolifanya yule mtoto. Akauliza taratibu, "Na nini kingine?"

Mama akaketi. Akasimulia jinsi Owiti alivyomwogopa jogoo wa jirani kule Mbotela, na alivyokataa kuvaa viatu hata siku ya ubatizo. Simu ikaita. Alikuwa Kweyu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Winny aliiacha iite, akampigia baada ya saa moja.