Mti wa Sayari ya Tisa

Mti ule uliniua mara arobaini kabla sijashika adabu.

Ulikuwa ndani ya televisheni ya Mikidadi, mwenye chumba cha gemu karibu na soko la Mpanda, mwaka 1997. Mimi nilishona nguo barazani kwake. Gemu yenyewe ilisimulia habari za msafiri wa anga aliyepita sayari nane akiyapiga risasi madude ya chuma, hadi akafika ya tisa. Huko hakukuwa na adui. Kulikuwa na mti mmoja unaong'aa, umesimama mbele ya lango, na maandishi ya kigeni ambayo mjini kwetu hakuna aliyeyajua. Ukiupiga, unakufa. Ukipita pembeni, unakufa. Vijana walisema gemu ni mbovu. Mikidadi alisema mti ule ni wa kichawi, siku moja utamuunguzia televisheni.

Mimi sikukubali. Mtu aliyekaa akauchora mti ule jani kwa jani alikuwa na neno la kusema, na nilitaka kulijua. Tena muda haukuwepo: Mikidadi alikuwa anahamia Tabora kwa treni ya Jumatatu, yeye na mashine yake. Ijumaa nikafunika cherehani, nikawaambia wenye vitenge vyao waje wiki ijayo, nikakaa mbele ya kioo. Walinicheka, mwanamke mzima na pedi ya gemu mkononi. Wacha wacheke.

Jumapili baada ya misa, vidole vimekufa ganzi, nikamkumbuka baba. Sikuwa nimetaka kumkumbuka. Baba yangu Alois alikuwa mrina asali kule Ugalla, na kila tulipofika kwenye mti mkubwa wa kuingilia porini aliweka shoka chini, akataja jina lake na la baba yake, akangoja mwenye mti aitikie ndipo tuingie. Nilipoingia kwaya ya parokia nilimwambia mbele za watu kwamba ule ni ushenzi. Miaka mitatu sikukanyaga kwake, kwanza kwa kiburi, halafu kwa aibu.

Nikabonyeza kitufe cha kutupa silaha, ambacho hakuna aliyewahi kukigusa kwa hiari. Bunduki ikaanguka. Nikaondoa vidole vyote kwenye pedi. Msafiri akasimama mikono mitupu, nami nikataja jina langu kimoyomoyo, Goreth binti Alois, huku naona haya. Tukangoja. Majani yakafunguka moja moja, lango likafuata, na nyuma yake kulikuwa na maji na mwanga, basi.

Mikidadi akasogea karibu.

"Umeupigaje, dada?"

"Sijaupiga. Nimebisha hodi."

Jumatatu treni iliondoka na mashine. Sikwenda stesheni; nilikuwa juu ya baiskeli, njia ya Ugalla, vumbi hadi kwenye kope. Nilimkuta baba anachonga mzinga. Nikampigia magoti, nikamwamkia, nikamwomba msamaha nikilia, kisha nikamsimulia habari ya mti ule mwanzo hadi mwisho. Mambo ya sayari hayakumshughulisha. Aliendelea kuchonga mpaka nilipomaliza.

"Na mwenye mti," akauliza, "aliitikia?"

Nikamwambia aliitikia. Ndipo akaniambia niingie ndani, nile.