Afadhali Phineas

Kuria alimkunja Jerotich mkono wakiwa bado ndani ya gari, kwenye maegesho ya kanisa, akaukunja mpaka kiwiko kikalia ko! Hakupaza sauti. Kuria hakuwa mtu wa kupaza sauti akiwa anaumiza. Sauti yake aliitunza kwa ajili ya mikutano.

"Leo unasimama nyuma yangu," akasema. "Wa kwanza kabisa. Watu waone bibi yangu. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Usini-embarrass, Jero. Ukini-embarrass mbele ya watu, tutaongea vizuri kwa nyumba."

Jerotich alijua maana ya kuongea vizuri. Jumanne walikuwa wameongea vizuri juu ya wali ulioungua, na mpaka Jumamosi hii alikuwa akivuta pumzi kwa upande mmoja tu wa kifua. Alijifuta macho, akashuka, akabeba beseni la maandazi kwa mkono uliobaki mzima. Wakaingia kanisani, mume mbele mke nyuma, wamependeza kama watu wa kwenye kalenda.

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, mtaa wa Takoma Park, na chama cha Wakenya wa Maryland kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Usidhani ni cheo cha kukata utepe. Nusu ya wanachama visa zao zilikuwa zimekwisha muda, zimelala siku nyingi, na kuita polisi kulikuwa mwiko kuliko kula maiti. Kwa hiyo mwenyekiti ndiye aliyekuwa polisi wao, hakimu wao na askofu wao. Mtu akidhulumiwa, alikwenda kwa mwenyekiti. Mwanamke akipigwa, alikwenda kwa mwenyekiti. Na sasa mwenyekiti wa zamani amehamia Texas, wagombea ni wawili, na mmoja wao ni Kuria. Akishinda, kesi ya Kuria itasikilizwa na Kuria. Hata ile ya nyani kumpelekea ngedere ina nafuu, maana pale angalau wanyama ni wawili.

Mgombea wa pili alikuwa Phineas, shemasi, mtu wa kwao Jerotich, aliyesimama badala ya wazazi wake siku ya harusi. Ulimi wake mlaini kama siagi ya juani. Jerotich alimkimbilia mara mbili. Mara ya kwanza Phineas alimwekea mikono kichwani akamwombea. Mara ya pili alimtia kwenye gari lake mwenyewe, akamrudisha kwa Kuria, akaketi akanywa chai, akawaambia wote wawili wasameheane. Wote wawili! Mwenye ngumi na mwenye jicho lililovimba.

Basi hao ndio waliokuwapo. Mmoja anapiga, mwingine anarudisha anayepigwa.

Alhamisi iliyopita, kazini kwake kwenye nyumba ya wazee huko Wheaton, Jerotich alikuwa akimwosha miguu Bibi Winifred, Mwingereza wa miaka themanini na minne. Siku hiyo Uingereza nzima ilikuwa inapiga kura. Bibi alikuwa amemwandikia mpwa wake kibali ampigie yake huko kwao, na mwanawe wa kiume alikuwa amemkatia simu mara mbili kwa sababu ya chama alichokichagua. Jerotich akamuuliza kama amemchagua anayempenda. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Kumpenda? Sijampenda hata mmoja tangu vita viishe," akasema. "Mimi huchagua atakayeniumiza kidogo kuliko wenzake, halafu kesho yake naanza kumlaani."

Jerotich alirudi nalo nyumbani neno hilo, akalala nalo, akaamka nalo. Atakayeniumiza kidogo. Phineas hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono. Labda akipewa kiti, mbele ya macho ya watu wote, ataona haya kumrudisha mara ya tatu. Lilikuwa tumaini dogo, lakini hakuwa na lingine.

Kingekuwa kitu rahisi kama kura ingekuwa karatasi. Lakini miaka miwili nyuma walipiga kura ya karatasi, watu hamsini na wawili, sanduku likafunguliwa likatapika kura sabini na moja. Tangu hapo wakaapa: mlolongo. Mgombea asimame, wafuasi wake wapange foleni nyuma yake, vichwa vihesabiwe mchana kweupe. Mlolongo ule ule walioulaani kwao kwenye uchaguzi wa mwaka themanini na nane, wakausafirisha ng'ambo kama unga wa ugali! Na kwa kuwa hakuna Mkenya aliyemwamini Mkenya mwenzake kuhesabu, waliazima Mtanzania: Gwakisa, mtu wa Tukuyu, dereva wa basi la shule huko Bladensburg, ambaye kila alichoulizwa alijibu kwa "jamani".

"Jamani, tupangeni mistari basi," Gwakisa akasema, kalamu sikioni. "Kwa ustaarabu. Asisukumwe mtu."

Walisukumana kabla hajamaliza. Peterson, mpambe wa Kuria, bonge la mtu mwenye shingo ya ng'ombe dume, alimwona kijana ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi akijipanga nyuma ya Phineas. Alimkamata kola akamburuta hadi mlolongo wa Kuria. Kijana akamtemea mate. Peterson alimpiga kichwa cha pua, na damu ikaruka mpaka kwenye ubao wa matangazo ya shule ya Jumapili. Watu wa Phineas wakaja na viti, watu wa Kuria wakaja na mikanda. Mzee mmoja alipigwa teke la kinena akakaa chini akiita mama yake. Jino la mtu likaokotwa kwenye sahani ya maandazi. Gwakisa alipiga filimbi ya basi la shule mpaka mishipa ikamtoka, na walipochoka, si walipokubali, wakarudi kwenye mistari yao wakihema.

Jerotich aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amejificha humo tangu alipofika, akichemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Alikuwa ameapa hatatoka. Wahesabiane, wauane, yeye atakuwa na birika lake.

"Dada, toka ukasimame na bwanako, yaishe," Euphrasia akamwambia. Huyo alikuwa rafiki yake, ndiye aliyemkanda mbavu zake Jumatano kwa maji ya moto. "Unajua akikukosa pale itakuwaje."

"Najua."

"Basi?"

Huko nje Gwakisa alikuwa anagusa mabega, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alihesabu mlolongo wa Kuria, akahesabu wa Phineas, akarudia yote miwili. Kisha akajikuna kichwa.

"Thelathini na tano hapa. Thelathini na tano kule. Jamani! Kuna mtu yeyote hajapanga?"

"Wako wawili jikoni!" Peterson akanguruma. "Mmoja ni bibi ya Kuria!"

Euphrasia alitoka mbio kama aliyeitwa na Mungu, akajipachika nyuma ya Kuria. Kuria thelathini na sita. Jerotich akatoka nyuma yake akijipangusa mikono kwa aproni, na kabla hajavuka nusu ya ukumbi, mzee wa teke la kinena, ambaye muda wote alikuwa chini na hakuhesabiwa, akajikokota kwa magoti mpaka kwa Phineas. Thelathini na sita kwa thelathini na sita. Ukumbi ukacheka, halafu ukaacha kucheka, kwa sababu wote waliona kilichobaki.

Kilibaki kichwa kimoja.

Kuria alikuwa ameshainua mikono juu. Alikuwa anatabasamu kwa watu, si kwa mkewe. Mke alikuwa kura iliyolala mfukoni. Jerotich alimtazama. Miaka sita. Aliogopa, na ndani ya woga huo aligundua jambo la ajabu: kwamba watu wote hawa sabini walikuwa wanajua. Walijua kuhusu mbavu, walijua kuhusu jicho, na walikuwa wanamngoja aende akasimame pale, ili nao walale usingizi.

Akampita mumewe. Alimpita karibu kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele, akaenda akasimama nyuma ya yule mzee aliyepiga magoti.

"Thelathini na saba," Gwakisa akasema kwa sauti ndogo. "Phineas ameshinda."

Hakuna aliyeshangilia. Kuria alishusha mikono, akauvuka ukumbi taratibu. Kofi la kwanza lilimgeuza Jerotich uso, na la pili likawa si kofi tena. Ngumi ilimpasua mdomo, akaanguka juu ya viti. Kuria akamfuata pale pale chini kwa mateke, pum, pum, upande ule ule wa Jumanne, mpaka kitu kikavunjika ndani na Jerotich akakisikia kabla ya maumivu. Watu sabini na kitu. Wanaume waliokuwa wametoka kung'oana meno kwa ajili ya wagombea walisimama wamekunja mikono, wakitazama viatu vyao.

Jerotich hakulia. Ngumi ya Kuria aliitegemea kama mtu anavyotegemea mvua ya masika. Alilala pale, damu mdomoni, akimtazama mtu mmoja tu. Sasa, alikuwa anasema moyoni. Sasa, mwenyekiti.

Phineas alipanda juu ya kiti. Alikohoa kidogo, akanyoosha tai.

"Ndugu zangu," akasema, "kwanza nashukuru. Pili, mambo ya nyumba tuyaache kwa nyumba. Kuria, ndugu yangu, tosheka. Na wewe dada, amka, enda na bwanako mkazungumze, ule ni mlango wenu. Chama hakiingilii ndoa. Tuendelee na ajenda."

Nitakuambia kilichomuuma. Si mbavu. Yule aliyemvunja mbavu hakuwahi kumdanganya hata siku moja. Alisema atampiga, akampiga. Huyu wa juu ya kiti, Jerotich alikuwa amemlipia ushindi kwa mwili wake mwenyewe, sekunde thelathini zilizopita, naye hata kumwangalia usoni hakumwangalia.

Jerotich aliinuka. Mkono wake mzima ulishika kiti cha chuma, kile cha kukunja, akakizungusha kwa nguvu zote za mtu anayegeuza wagonjwa wazito kitandani kila siku ya Mungu. Kilimpata Phineas kwenye taya. Alianguka kutoka juu mzima mzima, na alipotua taya lilikuwa limehamia upande wa sikio. Katika maisha yake yote Jerotich hakuwahi kumpiga mtu. Akampiga tena.

"Kura yangu!" alikuwa anapiga kelele. "Nirudishie kura yangu!"

Ndipo ukumbi ukalipuka. Mlolongo ukaingia ndani ya mlolongo, birika la chai ya moto likaruka, mtu akaungua akalia kama mbuzi, na mzungu wa ofisi ya kanisa huko juu, ambaye hakujua miiko ya mtu, akapiga simu.

Polisi waliposhuka ngazi, mwanamume na mwanamke, wenye visa zilizolala walikuwa wameshatokea mlango wa nyuma. Walibaki kama arobaini. Yule polisi wa kike, mweusi, mrefu, alimwangalia Phineas aliyekuwa akitoa udenda mwekundu sakafuni.

"Nani amempiga huyu?"

Wakanyoosha vidole. Wa Kuria na wa Phineas, waliopasuka na waliopasua, wote kwa pamoja, bila mpinzani, wakamwelekezea Jerotich. Euphrasia naye alinyoosha, huku analia. Gwakisa peke yake hakunyoosha. Alisema yeye ni msimamizi, hapigi kura.

Polisi akamgeukia Jerotich, akautazama mdomo wake, akatazama jinsi alivyojishika ubavu.

"Na huyu, nani amempiga?"

Kuria alikuwa karibu na meza, anajifuta vifundo vya vidole kwa kitambaa cha meza, anatabasamu lile tabasamu lake la watu.

Jerotich akainua mkono. Ulikuwa ule uliokunjwa garini.

"Yule. Ni mume wangu. Na si leo tu."

"Kuna mwingine aliyeona?"

Hakuna aliyeona. Jerotich aliwatazama mmoja mmoja, akajua kwamba ameshindwa, moja kwa arobaini.

"Sina mtu," akasema. "Ni mimi tu."

"Mmoja anatosha," polisi akasema, akatoa pingu, akaenda kwa Kuria.

Alirudi na pingu nyingine kwa ajili ya Jerotich, kwa sababu taya ni taya, na Jerotich akampa mikono bila kubisha. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alikuwa na furaha, na hakujua aanze na kipi. Walipandishwa ngazi. Kuria alitiwa gari la mbele, yeye gari la nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita walitoka mahali pamoja bila kurudi nyumba moja.