Glasi ya Shemeji Duane

Shemeji yangu Duane ana sifa moja nzuri: hakuchukii kwa siri. Asubuhi ya Juni, siku ambayo kila mwaka tunawalisha majirani uani ili waone maziwa yanatoka wapi, alipanda juu ya trela la majani makavu, akainua glasi ya maziwa na kumwita mume wangu kwa sauti ya mnada.

"Kaka Verlyn! Mwenye ng'ombe ndiye anayefungua karamu. Njoo unywe!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye bati la moto nikigeuza chapati za maji, nikaanza kupima umbali kati ya mwiko wangu na kichwa chake.

Hakuna asiyejua yaliyompata Verlyn. Donge la damu liliziba mshipa unaolisha utumbo wake. Walilitoa, wakakata kipande kilichokufa, wakanirudishia mume nusu. Daktari alinichorea. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo, na nchani mwavyo ndimo vinamokaa vimeng'enya vya kusaga chakula. Damu ikipungua, ncha ndiyo inayokosa kwanza, kwa kuwa iko mwisho wa foleni. Vinyweleo huota tena, lakini kimeng'enya cha sukari ya maziwa hurudi cha mwisho, tena kwa madaha. Kabla hakijarudi, maziwa hayasagwi. Yanachacha humo humo tumboni. Niliolewa na mfuga ng'ombe wa Wisconsin, sasa hawezi kunywa maziwa! Nilicheka mpaka nesi akanifungia mlango. Kisha Verlyn akaiba vijiko viwili vya aiskrimu, akaharisha, akaishia kurudishwa wodini akiwa mkavu kama gunzi. Sikucheka tena.

Duane yeye alikwenda kwa mama yao, Ardis, mwenye shamba, aliyekuwa anaamua nani amwachie kundi la ng'ombe. Akamwambia kaka yake anajidekeza.

"Daktari amekataza," nikasema.

"Shemeji, nimemwita yeye. Sijamwita msemaji wake."

"Nimekuja bila kuitwa, kama wewe unavyokuja mezani kwangu."

Watu wakacheka. Duane akawa mwekundu.

"Baba alikunywa mpaka siku anakufa. Wewe kaka unaogopa glasi! Utamkamuaje mnyama anayekutisha?"

Mama Ardis alikuwa ameacha kula. Verlyn alimtazama, akaipokea glasi. Namjua mume wangu. Mbele ya mama yake angekunywa hata dizeli. Akaipeleka mdomoni. Mwiko ukanidondoka.

Akaishusha.

"Mdogo wangu, yule ndama wako aliyejisokota utumbo, daktari wa mifugo akamfungua. Siku zile ulimpa nini?"

Duane ukimuuliza habari za ndama hawezi kunyamaza, hata akiwa anakutukana.

"Maji ya chumvi na sukari."

"Hukumpa maziwa?"

"Maziwa? Ungemmaliza! Utumbo uliokosa damu hausagi kitu, ungemwona anaharisha mpaka—"

Akasita. Nikasikia chapati zangu zikiungua.

"Malizia, mwanangu," Mama Ardis akasema. "Mpaka nini?"

Duane akaitazama glasi mkononi mwa kaka yake.

"Ndama ulimwonea huruma," mama yake akasema. "Kundi ni la Verlyn. Shuka kwenye trela la watu."

Akashuka. Alimpita kaka yake bila kumtazama, akampokonya glasi, akaja moja kwa moja kwangu. Nilidhani ananitupia usoni. Badala yake aliimwaga polepole juu ya viatu vyangu vya wazi, akinitazama machoni.

"Kunywa wewe basi, shemeji."

Paka wa zizini wakaja mbio, watano, wakaanza kuniramba vidole. Niliokota mwiko, nikageuza chapati iliyoungua, nikamwekea Duane kwenye sahani.

"Ongeza kidogo mguu wa kushoto, shemeji. Huyu paka wa manjano hajapata."