Makopo Yaliyoguna

Asubuhi ile makopo yote yaliguna, na mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa wifi yangu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kiwanda chetu kinapika maharage na kuyatia kwenye makopo, kisha yanasafirishwa kwa meli kwenda nchi ambazo mimi sitazikanyaga. Kabla kontena halijafungwa, nachukua kijiti cha chuma na kugonga vifuniko vya makopo, moja baada ya jingine, katika kila katoni ya kumi. Kopo zima halina hewa ndani, kifuniko kimevutwa, kwa hiyo ukiligonga linalia, ting. Kopo linalovuja limeingiwa na hewa, nalo linaguna kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Kiwandani wananiita Daktari, na bila saini ya Daktari kontena haliondoki. Kopo bovu linaweza kukaa wiki sita baharini likijitengenezea sumu isiyo na harufu, na mtoto wa mtu akala. Ndiyo maana sina mchezo na saini yangu.

Sasa wifi. Ni mke wa kaka yangu, na ndiye anayeendesha mashine ya kufunga vifuniko. Kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa hiyo namjua vya kutosha kumtilia shaka. Wiki ile alikuwa mtu wa minong'ono. Nikiingia ghalani, yeye na bosi wananyamaza. Akitaka kunisemesha anakuja mpaka puani kwangu, utadhani tunagombania hewa. Siku moja kabla nilimkuta nyuma ya ghala ameshika nyundo na msumari. Nilipomuuliza vya nini, akaficha mkono na kusema anatengeneza kiti. Kiti gani? Viti vyote pale ni vya plastiki.

Basi nilipogonga makopo mia tatu na yote yakaguna, sikuhitaji kuambiwa. Mashine ilikuwa imelegezwa, vifuniko havikubana, na waliokuwa wakinong'ona walilijua hilo. Niliweka kijiti mezani nikamwambia bosi sisaini.

Bosi alitazama saa. Lori lilikuwa mlangoni, na kontena lilitakiwa bandarini kabla ya saa nane mchana, la sivyo meli ingeondoka bila mzigo wetu. Akatoboa makopo mawili mbele yangu. Yote mawili yalivuta pumzi, vifuniko vikainuka, kama yanavyopaswa. Nikamwambia ameyachagua. Akatoboa mengine matano niliyoyachagua mimi, nayo yakavuta pumzi vilevile. Hapo mtu mwenye akili zake angetulia. Mimi nilizidi kupandwa na hasira, maana nilianza kuona kwamba hata kwa hayo matano walikuwa wamenitangulia.

Wifi aliondoka. Aliporudi alikuwa amebeba makopo kumi na mawili kwenye sinia, akayapanga mezani kwa mstari.

"Wifi, moja nimelitoboa kwa msumari nikabandika lebo juu ya tundu," alisema. "Nionyeshe ni lipi."

"Mimi nipimwe na wewe?"

"Leo tu."

Niligonga la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, kisha nikarudi mwanzo. Yote yaliguna. Sikutaka uso uniumbue, nikaweka kidole juu ya kopo la saba.

Wifi alitikisa kichwa, akamwita dereva wa lori. Dereva yule ni mtu wa maneno mengi, na makopo anayajua kwa kuyafungua tu. Alipewa kijiti, akagonga moja, mbili, na kwenye la tatu akacheka, akauliza hili limekula nini, mbona limevimbiwa. Wifi akabandua lebo. Tundu lilikuwa pale.

Nikasema dereva ameambiwa. Nikamtoa nje, nikafunga mlango, nikaibandika lebo upya na kuyachanganya makopo mwenyewe, huku nikihakikisha hakuna anayechungulia dirishani. Akaingia, akagonga, akalipata tena. Nikarudia mara ya tatu. Safari hii hakucheka. Aliweka kijiti mezani taratibu na kutoka.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mimi nimegundua wiki hii," wifi alisema. "Nakuita kwa nyuma hugeuki. Nikamwambia bosi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungesema nataka kazi yako."

Ningesema hivyo hivyo, tena kwa kelele. Nilishikwa na aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Kwa bosi mambo yalikuwa yameisha: makopo ni mazima, masikio ndiyo mabovu. Akasema wifi na dereva watagonga yaliyobaki, mimi nisaini tu, ya masikio tutazungumza kesho. Akanisogezea daftari na kalamu.

Daftari lile lina sehemu ya kuandika idadi ya makopo mabovu. Nilikuwa nimeshashika kalamu nilipoona kurasa mbili za nyuma. Miaka yote nimekuwa nikikuta matatu, manne, wakati mwingine sita. Kontena la mwezi uliopita, sifuri. Lililofuata, sifuri. Bosi alinisifu mbele ya watu wote, nami nikatembea kiwandani kifua mbele. Mimi, ninayefungua mfuko wa chumvi dukani kuhakikisha ni chumvi kweli, sikuishuku sifuri hata kidogo. Masikio yalikuwa yameanza kunidanganya tangu wakati ule, ila yalinidanganya kwa kile nilichotaka kusikia, ting kwa kila kopo.

"Bosi, kuna makontena mawili baharini," nilisema. "Nimeyasaini mimi. Sikuyasikia."

"Unajua unachosema? Wakiukataa mzigo ule, hatutauza tena kule."

"Najua. Piga simu. Yasifunguliwe."

Bosi akachukua simu, akaenda dirishani, akanipa mgongo na kuanza kuzungumza. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Sauti ilinifikia kama ya mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Sikupata hata neno moja. Nikamuuliza wifi bosi anasema nini, anawazuia au anawaambia mzigo uko salama.

Wifi alisikiliza kidogo kwanza.

"Anawaambia wasifungue hata katoni moja," alisema.

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo. Sikuwa na njia nyingine ya kujua, ikabidi nimwamini.