Fundi Plasta na Tambi Baridi

Mwezi wa pili wa matibabu, mke wa Fundi aliacha kuingia jikoni. Haikuwa kudeka, wala uchovu peke yake. Harufu ndiyo iliyomtoa. Kitunguu kikigusa mafuta tu, yeye yuko chumbani, mlango umefungwa, kanga imebanwa puani. Wali ukianza kutokota, anaita beseni. Dripu aliyokuwa akiwekewa hospitali kila baada ya wiki tatu ilikuwa inaupiga vita ule uvimbe wa saratani, na daktari alisema inaupiga vizuri, lakini ilikuwa pia imempa pua ya kunusa hata sufuria iliyooshwa jana.

Mdogo wake wa kike alichukua likizo akaja kusaidia. Huyu Shemeji alikuwa mwanamke wa vishindo na mkono mzito wa viungo. Kwa wiki mbili nyumba ilinukia kama ya sherehe: supu ya kuku, mchuzi wa nyama, samaki wa kukaanga. Na kwa wiki mbili bakuli lilitoka chumbani kama lilivyoingia.

"Dada, nimepika kwa roho moja," Shemeji alisema siku moja, machozi yakimlengalenga.

"Najua, mdogo wangu. Liondoe tu, tafadhali."

Likizo ikaisha. Siku ya kuondoka, Shemeji alisimama mlangoni na begi lake, akamtazama Fundi kuanzia kofia hadi viatu. Fundi alikuwa amepiga plasta kwa miaka thelathini na nne; mikono yake ilikuwa imekauka kwa saruji, na kwenye mishono ya suruali zake kulikuwa na weupe ambao sabuni ilishaukatia tamaa.

"Shemeji," alisema, "wewe mwiko unaoujua ni wa ukutani. Huu wa sufuria utauweza? Usije ukamlisha dada yangu saruji."

"Nitaichekecha kwanza," Fundi alijibu. Wakacheka wote wawili, lakini Shemeji alipokata kona, Fundi alirudi ndani akakaa jikoni bila kujua aanzie wapi.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali. Kwenye mzani ikaonekana mke wake amepungua kilo nne. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba, alimvuta Fundi pembeni.

"Anakula nini?"

"Hali. Nikipika, harufu inamfukuza. Na mimi mwenyewe kupika kwenyewe ni kubahatisha."

"Chakula cha moto kinapaa harufu, baba. Jaribu vya baridi. Cha baridi hakimfuati mtu mpaka kitandani."

"Vya baridi kama nini?"

"Hilo muulize mwenyewe anatamani nini. Ila kiandaliwe kwa usafi na kiliwe siku hiyohiyo. Usimpe kiporo."

Jioni ile, wakiwa wamekaa barazani, alimuuliza. Mke wake aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Tambi," alisema.

"Tambi?"

"Tambi baridi. Zile za kule kwa wahandisi."

Fundi alizikumbuka, na angependa asizikumbuke.

Mwaka ambao binti yao, sasa mtu mzima anayeishi mbali, alikuwa na miaka miwili, mke wake alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni walikofikia wahandisi wa daraja. Wahandisi wale walikuwa wamekuja na mpishi wao kutoka Japani, mzee aliyefunga taulo kichwani tangu asubuhi hadi jioni. Hawakuwa na lugha ya pamoja, yeye na mzee yule, kwa hiyo alimfundisha kwa mikono: anamshika kiganja, anakichovya kwenye maji ya barafu, anamwonyesha tambi zinavyosuguliwa. Siku moja ya joto kali mke wake alikuja na bakuli nyumbani, limefunikwa kitambaa, akikimbia njia nzima barafu isije ikayeyuka. Fundi alikuwa ametoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Alifunua, akatazama, akasema, "Chakula baridi si hupewa wagonjwa?" Akacheka, akatoka kwenda kunywa chai ya moto na mkate kibandani. Mke wake alikula yeye na mtoto. Hakuzipika tena nyumbani kwake.

"Unakumbuka ulisemaje?" mke wake aliuliza sasa.

"Nakumbuka."

"Ulisema ni chakula cha wagonjwa."

"Nilisema."

"Haya. Mgonjwa nipo."

Alicheka yeye mwenyewe kwanza, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi. Fundi hakucheka.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa kijana mjinga."

"Ujinga ulikuwa nao, sibishi. Ujana ulikuwa umeshaanza kukukimbia."

Asubuhi Fundi alikwenda sokoni na orodha aliyoandikiwa: ufuta mweupe, tambi nyembamba za ngano, sosi ya soya, mafuta ya ufuta kichupa kidogo, siki, tangawizi, matango, karoti, na mfuko wa barafu. Aliporudi aliwasha jiko nyuma ya nyumba, mwisho kabisa wa ua, baada ya kulowesha kidole na kupima upepo unakoelekea. Dirisha la chumbani lilikuwa upande wa pili. Kupigiana kelele hakukuwezekana, kwa hiyo walitumia simu, mtu na mkewe, hatua ishirini kati yao.

"Umeshapepeta ufuta?"

"Nimeupepeta na kuuchambua. Nimetoa vijiwe vinne."

"Weka kikaangoni. Usitie mafuta. Moto mdogo, na mkono usisimame. Ukianza kurukaruka, ondoa."

Ufuta alioukaanga ulitoka vizuri. Tambi ndizo zilizomwaibisha. Alizitia kwenye maji yanayochemka, halafu akakumbuka kwamba chujio liko ndani, akaenda kulitafuta kwenye kabati la juu, kisha la chini, akalikuta limening'inia mlangoni. Aliporudi simu ilikuwa inalia.

"Zikoje?"

Fundi alichungulia. "Zimenenepa."

"Zimenenepa vipi?"

"Kama chokaa iliyolala kwenye maji."

"Basi hizo ni zako. Kula, tutaonana kesho."

Alizila zote, amesimama, na chumvi. Hakuona haki ya kulalamika.

Siku ya pili aliweka kila kitu karibu kabla ya kuwasha moto, kama anavyofanya fundi anayejua kwamba plasta ikishachanganywa haimsubiri mtu. Chujio hapa, beseni la maji safi pale, beseni la barafu pembeni. Tambi hakuzipa kisogo. Baada ya dakika nne alivuta uzi mmoja, akauuma. Ukakatika laini ila ukamrudishia ubishi kidogo mwishoni.

"Toa sasa hivi," mke wake alisema. "Maji baridi. Zisugue kama unafua kola ya shati, ule utelezi wote utoke. Usizionee huruma."

Fundi alisugua. Maji yakawa meupe, akayamwaga, akatia mengine, mpaka tambi zikawa zinateleza vidoleni safi, kila uzi na njia yake. Akazitumbukiza kwenye barafu. Vidole vyake, ambavyo saruji ilivinyima hisia miaka mingi, vilisikia baridi ile hadi kwenye mifupa.

Ukabaki mchuzi. Aliutwanga ufuta kwenye kinu kidogo hadi ukaachia mafuta yake, ukawa uji mzito wa kahawia. Akatia sosi ya soya vijiko vitatu, siki viwili, sukari kimoja, tangawizi aliyoikuna. Akakoroga. Badala ya kulainika, ule uji ukashikana, ukakaza, ukawa donge.

"Mke wangu, nimeharibu."

"Umefanya nini?"

"Umeganda. Kama jasi iliyowahi kukauka. Naumwaga?"

"Usithubutu! Tia maji ya barafu, kijiko kimoja. Koroga. Kingine. Koroga. Lazima ukaze kwanza ndipo ulegee."

Alitia cha kwanza. Donge likazidi ubishi. Cha pili, hakuna. Cha tatu likakatika vipande vya aibu. Alipotia cha tano, ule mchuzi ukageuka ghafla chini ya mkono wake, ukang'aa, ukawa mwepesi na mweupe kidogo, ukiteremka mwikoni kwa utepe mmoja usiokatika. Fundi alisimama akiutazama. Kwa miaka thelathini na nne hakuna mtu aliyewahi kumsikia akishangilia kazi, lakini pale uani, peke yake, alisema kwa sauti, "Ahaa!"

"Umekubali?" simu iliuliza.

"Umekubali, mama."

Karoti na matango aliyakata nyuzi nyembamba zilizolingana hadi mtu angedhani zimepimwa kwa rula. Alizikamua tambi maji hadi tone la mwisho, maana aliambiwa maji yakibaki mchuzi unakimbia, akaziviringa katikati ya bakuli, akazizungushia mboga, akamwagia mchuzi, akadondoshea mafuta ya ufuta matone mawili. Kisha akabeba bakuli hadi chumbani, akaliweka mbali kidogo na kitanda, akasubiri kuona pua itasemaje.

Mke wake alilitazama. Akanusa. Akalinyooshea mkono.

Alikula polepole, akivuta uzi mmojammoja, akipumzika katikati. Fundi aliketi kwenye kigoda akijifanya anatazama dari. Nusu bakuli ilipokwisha, alimrudishia.

"Tangawizi umezidisha," alisema. "Na matango yako yanatisha, yanafanana mno. Sasa na wewe kula."

Fundi alikula. Utamu wa ufuta ulimfikia kwanza, halafu uchachu, halafu ubaridi ukamshuka kifuani siku ile ya joto. Akakumbuka chai ya moto na mkate wa kibandani, akaona jinsi alivyokuwa amejinyima.

"Mzee yule alikuwa anajua," alisema.

"Miaka yote hii ndiyo unagundua leo," mke wake alijibu, akageukia ukutani akalala. Saa nzima ilipita bila beseni kuitwa.

Kuanzia siku ile tambi zikawa kazi ya Fundi ya kila saa nne asubuhi. Mara nyingine aliongeza kuku wa kuchemshwa aliyechambuliwa nyuzi, mara nyingine yai. Si kwamba kila siku ilikuwa ushindi. Baada ya dripu ya nne zilipita siku tano ambazo hata tambi hazikupita kooni; Fundi alizitengeneza na kuzila mwenyewe, na katikati alimpa mke wake vipande vya barafu anyonye. Siku ya sita aliomba bakuli, akala robo yake. Fundi akahesabu kwamba robo ni ukuta ulioanza.

Dripu ya tano alibeba kikopo cha tambi hospitali, kimezungushiwa barafu, kwa sababu kukaa pale ni kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kwenye kiti cha jirani alikuwa dereva mmoja wa lori, mwanamume wa mwili mkubwa uliokuwa umesinyaa ndani ya shati lake, amekuja na dada yake. Dereva alikitazama kile kikopo bila kuficha.

"Hiyo haina harufu," alisema.

"Inayo, ila ina adabu," alijibu mke wa Fundi. "Unataka kuonja?"

Muuguzi wa miwani ya kamba alikuja, akafunua, akauliza zimetengenezwa lini na kwa maji gani, akakubali. Dereva alikula vijiko saba. Dada yake alivihesabu, akiweka mkono mdomoni, kisha akamgeukia Fundi.

"Baba, nifundishe. Wiki hii yote amekula biskuti tu."

Fundi hakuwa na karatasi. Alitoa kwenye begi kipande cha mfuko wa saruji alichofungia vifaa vyake, akakigeuza upande safi, akaandika kwa penseli ya fundi, herufi kubwa, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mchuzi aliandika: UTAKAZA. USIOGOPE. ONGEZA MAJI KIDOGO KIDOGO. Akapigia mstari mara mbili.

"Anaandika kama daktari," mke wake alimwambia dada wa dereva, "ila wake mwandiko unasomeka."

Dripu ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Daktari alitazama picha, akasema uvimbe umesinyaa kama alivyotarajia, warudi baada ya miezi mitatu aangalie tena. Hakuahidi zaidi ya hapo, nao hawakumwomba aahidi. Walirudi nyumbani, wakalala mchana kutwa, kila mtu na uchovu wake.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya joto, Fundi alikuwa uani akisugua tambi kwenye beseni aliposikia kiti kinaburutwa nyuma yake. Mke wake alikuwa ametoka, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, anatembea kwa kushika ukuta. Aliketi kivulini, hatua tatu tu kutoka kwenye jiko.

"Harufu?" Fundi aliuliza haraka, akitaka kusogeza kikaango.

"Kiache hapohapo. Leo ufuta unanukia ufuta." Alinyoosha mkono. "Lete kisu na hilo tango. Nataka kukata mwenyewe, vipande vipishane kidogo, chakula kionekane kimepikwa na mtu."

Fundi alimpa. Akarudi kwenye beseni lake, akamwaga maji meupe, akatia mengine, na nyuma yake akasikia kisu kinagonga ubao, taratibu, kinapumzika, kinagonga tena.