Usinijibu Mpaka Unione

Jirani anayenishikia mwanangu aliamka na homa, ndiyo maana siku hiyo nilikuja naye kazini. Ana miaka minne. Mlinzi wetu anamwita Kasuku, kwa ulimi wake usiolala. Nilikuwa nadeki ghorofa ya sita, yeye anachezea redio yangu ya upepo, ile tunayoitana nayo kazini mimi, mlinzi na fundi wa jengo. Nikainama kukamua tambara. Nilipoinuka mlango wa lifti ulikuwa unafunga, na Kasuku yumo ndani, redio mkononi.

Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

Fundi alinipandisha chumba cha mashine, juu ya paa. Akanipa redio yake ili ashike kwa mikono miwili gurudumu la kuishushia lifti. Sauti ya mwanangu ilinifikia kama amekaa pajani. Kisha tukasikia vidole vinakwaruza bati.

"Anatanua mlango," fundi akasema. "Sizungushi, dada. Mkono ukiwa pale, lifti itashuka nao. Mwambie akae kona."

Nikabonyeza nikamwambia. Nikarudia. Yeye akaendelea: mama, mbona hunijibu?

Hakuwa ameachia kitufe. Kikibonyezwa, redio inasema tu, haisikii. Na kosa ni langu. Kila akija kazini nilimfundisha bonyeza, sema, tukacheka anavyotamka "ova". Kuachia sikumfundisha, akishasema nilimnyang'anya. Mlinzi naye alikuwa ghorofa ya tatu, anapaza sauti mlangoni, lakini mtoto anayelia hasikii la mtu.

Nilisimama na redio mkononi kama aliyeshika jiwe. Nilisikia kila kamasi anayovuta. Sikuweza kitu.

Halafu akasema, taratibu, "Mama, basi nakunja mikono."

Chekechea kwao, anayetaka asikilizwe na mwalimu hukunja mikono kwanza. Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Ameiweka chini.

Nikajua nina nafasi moja. Akiiokota kunijibu, tumerudi kulekule.

"Mwanangu, ni mama. Kaa kona, mbali na mlango. Mikono ibaki hivyohivyo, imekunjwa. Redio usiiguse. Usinijibu mpaka unione."

Kimya.

"Amesikia?" fundi akauliza.

"Sijui."

Alinitazama, akafuta viganja kwenye suruali, akaanza kuzungusha, robo kwa robo. Kila robo nilitamani mwanangu anivunjie amri aseme hata neno moja. Hakusema. Kimya kile nilikiagiza mwenyewe, na kilikuwa kinanila.

Mlinzi akaita kwa redio yake: imefika, nafungua. Sikumbuki ngazi nilizishukaje.

Nilimkuta mlinzi amechuchumaa mlangoni. "Kasuku gani huyu leo? Namsalimia, haitikii."

Mwanangu alikuwa kona, mikono kifuani, uso umelowa, redio miguuni pake. Akanitazama vizuri, ahakikishe ni mimi.

"Sasa naweza kujibu?"